Nyumba ya Mwaloni Niliyoiziba Pumzi

Vijana mnaonikuta kwenye ngazi za msikiti baada ya swala ya Ijumaa mnapenda kuniuliza, "Mzee Mbaruku, umejenga majumba mangapi hapa Toronto?" Nami hucheka, kwa sababu sijajenga hata moja. Kazi yangu ilikuwa kuyazuia ya zamani yasianguke. Niliifanya miaka kumi na minne, mpaka magoti yalipokataa ngazi, na katika nyumba zote nilizozigusa ni moja tu inayonikosesha raha. Hiyo ndiyo nitakayowaeleza. Anayetaka kujua mshahara ulikuwa kiasi gani akaulize kwingine.

Nyumba yenyewe ilikuwa Unionville, kaskazini mwa jiji, kwenye barabara ile yenye maduka ya aiskrimu. Haikuzaliwa huko. Ilijengwa Uingereza, katika mji mdogo wa soko, karne nyingi zilizopita, na mtu aliyekuwa akiuza sufu. Zamani, kabla hata baba zenu hawajazaliwa, tajiri mmoja wa Kanada aliipenda, akaifungua kipande kwa kipande, akaipakia melini, akaisimamisha upya huku. Wazungu wakiwa na pesa hawana dogo.

Ilikuwa nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma, maana mjini kila mtu alitaka uso wa duka lake uione njia, na nafasi ya mbele haikutosha wote. Chini palikuwa duka, juu walilala watu. Ghorofa ya juu ilichomoza mbele kuliko ya chini, karibu hatua nzima, ikining'inia juu ya vichwa vya wapita njia. Nje ulikuwa unaiona mifupa yake: nguzo nyeusi za mwaloni zimesimama karibu karibu, na katikati yake vipande vya ukuta mweupe. Gogo nene limelazwa juu ya msingi wa mawe, nguzo zimesimama juu ya gogo, mihimili imepita juu ya nguzo, kenchi zikabeba paa. Msumari hamna. Kila nguzo imechongwa ulimi, kila gogo limetobolewa tundu, ulimi ukaingia tunduni, kikapigwa kijiti cha mti kupita vyote viwili.

Aliyenifundisha mifupa ya namna hiyo ni Harold, seremala Mwingereza aliyekuja Kanada akiwa kijana na kuzeekea hapa. Nilipoajiriwa, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, yeye alikuwa anakaribia kustaafu, ana mikono mikubwa na maneno machache. Wiki ya kwanza nilimwona akitoboa matundu ya kijiti nikadhani macho yake yamechoka. Tundu la kwenye ulimi halikulingana na la kwenye gogo, yalipishana kwa unene wa sarafu.

"Mzee, samahani, hapa umekosea," nikamwambia.

Akanipa nyundo ya mti. "Piga."

Nikapiga. Kijiti kikajipinda, kikalazimisha njia, na kile kiungo kikajivuta chenyewe mpaka karatasi isingepita. Kumbe matundu hupishanishwa makusudi, ili kijiti kiwe kinavuta daima, miaka na miaka. Harold alichukua nyundo yake akaenda zake. Hiyo ndiyo ilikuwa hotuba nzima.

Kosa langu kubwa chini yake lilikuwa kwenye banda la ng'ombe la zamani karibu na Markham. Nilipewa boriti moja niisafishe. Nikaiona ina mikwaruzo ya patasi, mistari mistari mibaya, nami kwa kutaka kuonyesha kwamba kazi naijua nikachukua randa nikailainisha mpaka ikang'aa. Harold alipokuja aliitazama, akatafuta ndoo, akaigeuza, akakaa. Wakati wa chakula ndipo aliponieleza. Ile mikwaruzo ilikuwa namba. Seremala wa zamani alichonga jengo zima uwanjani kwake, akaviunga viungo chini, akavitia alama kwa patasi, kisha akalifungua na kulibeba hadi kwenye kiwanja. Alama ndizo zilizomwambia nguzo ipi inaingia wapi. Mimi nilikuwa nimefuta mwandiko wa marehemu.

Adhabu yangu ilikuwa kupanda ngazi wiki nzima, nimefumba macho, nikisoma alama zilizobaki kwa vidole.

"Hiyo?"

"Saba."

"Na hiyo?"

"Saba pia, lakini ina mkia."

"Mkia maana yake ni ukuta wa pili. Usisahau."

Sijasahau. Hata leo nikikaa kwenye meza ya mtu hupapasa chini yake nikitafuta namba, na mke wangu hunifinya paja kwa aibu. Nawasimulia haya ili msije mkanitetea kwamba Mzee Mbaruku hakujua. Aliyepita mikononi mwa Harold hana pa kujificha.

Harold alipostaafu akahamia kwa binti yake, mbali na jiji, na bosi wetu akanifanya mimi msimamizi wa kazi za mbao. Nilifurahi kupita kiasi. Nilitangaza kwenye jengo letu zima kule St. James Town, ghorofa kwa ghorofa, hadi lifti ilipokwama nikawatangazia waliokwama nami. Kazi ya kwanza ya usimamizi wangu ikawa ile nyumba ya Unionville.

Mwenye nyumba alikuwa mjane aitwaye Mama Gulbanu, Mwismaili, mzaliwa wa Tanga. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa Barabara ya Nane. Yeye na mumewe, daktari wa meno, waliinunua nyumba ile walipokuwa na nguvu zao, mume akafia humo, naye akabaki peke yake na watoto wanaokuja Jumapili. Mimi sikuyajua hayo. Nilifika mlangoni, nikavua viatu, nikasema hodi kwa mazoea tu. Yule mama akashika kifua.

"Karibu! Karibu ndani! Wewe fundi wa wapi wewe?"

"Pangani, mama."

"Pangani! Basi jirani yangu kabisa. Njoo, njoo, chai ipo. Kazi itangoja bwana, haina miguu."

Hatukugusa kazi kwa saa nzima. Akanitembeza, akanifikisha chumba cha juu, kile kinachoning'inia juu ya njia. Hapo ndipo alipoketi mchana kutwa, dirishani, akiviona vichwa vya watu vikipita chini, kama alivyoviona utotoni kutoka juu ya duka la baba yake.

"Fundi, mimi sitaki kondo, zile fleti zao za ghorofani," akaniambia. "Binti yangu wa Mississauga ananivuta kila siku, mama hamia huku, mama hamia huku. Mimi nataka nife hapa hapa, kwenye kiti hiki. Lakini baridi, jamani! Upepo unapita ukutani kama vile ukuta hamna. Wewe niwekee sawa tu, nimalize uzee wangu."

Hicho ndicho alichokitaka, na alikiweka mikononi mwangu.

Upepo ulikuwa unapita kweli. Mwaloni hauachi kutembea. Kiangazi huvimba, na majira ya baridi, hita zikiwaka ndani, husinyaa, na kati ya nguzo na ukuta panafunguka nyufa za kuingiza kidole. Tukabandua sehemu ya ukuta tuone ndani kuna nini, nami nikaangua kicheko nusura nianguke jukwaani. Fito! Fito zimesukwa baina ya nguzo, zikakandikwa udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, na juu yake chokaa. Nyumba ya tajiri wa Kiingereza, iliyovushwa bahari kwa mbwembwe zote zile, ndani ni nyumba ya shangazi yangu Pangani.

Mwenzetu mmoja, mpiga rangi, akachungulia. "Mbaruku, si kama kwenu Afrika hii?"

Wakacheka wote, bila ubaya, utani wa kazini tu. Mimi nikaudhika. Nikamjibu kwamba kwetu tunajenga kwa zege na vyuma, na nyumba ya udongo ndiyo kwanza naiona leo.

Uongo mtupu. Babu yangu mzaa baba alikuwa na tanuri la chokaa. Nimekulia kubeba vikapu vya matumbawe ya kuchoma, nimekoroga chokaa shimoni mpaka macho yakawa mekundu. Lakini nilipoomba kazi Toronto niliandika kwamba nimejenga maghorofa Dar es Salaam, na tangu hapo ikabidi niendelee kuwa mtu wa maghorofa. Nilidhani nikisema babu yangu alikuwa mchoma chokaa watanipa ufagio.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo penye ujuzi wenyewe. Ukuta wa udongo na chokaa hunywa maji ya mvua kidogo, kisha huyatoa hali ya hewa ikikauka. Haudhuriki, ndivyo ulivyo. Ukiupiga saruji, maji yataingia tu, kwa ufa mwembamba usiouona, lakini kutoka hayatoki. Yatakaa nyuma ya saruji, na mti ulio jirani utayanywa mwaka mzima. Hayo sikuyasoma popote. Nilikuwa tayari kijana wa kuoa babu alipoitwa kwenye nyumba moja ya zamani pale Pangani, ambayo mwenyewe aliipiga saruji ionekane ya kisasa. Babu alibandua kipande kwa tezo, akapenyeza mkono, akatoa boriti ndani ya kiganja, imekuwa unga mweusi. Akanimiminia mkononi. Nausikia ubaridi wake hadi sasa ninapowasimulia.

Basi asubuhi moja bosi akaja na mifuko. Alikuwa mtu mwema mwenye haraka, na kazi nyingine ilikuwa inamngoja.

"Nyufa tuzizibe kwa povu lile linaloganda, nje tupige saruji, tupake rangi," akasema. "Mama apate joto kabla ya theluji. Unaonaje, Mbaruku?"

Aliniuliza. Msije mkasema sikuulizwa. Ningemwambia, bosi, hapa panataka chokaa, na chokaa inataka subira. Inapigwa tabaka nyembamba moja moja, inafunikwa magunia mabichi isikauke haraka, na ikikutwa na jalidi, baridi ya kugandisha maji, kabla haijakomaa imekufa. Tumwekee mama mapazia mazito na hita chumbani kwake, kazi tuifanye kiangazi. Nilikuwa nayo yote kichwani, imepangika. Lakini angeniuliza nimeyajulia wapi, na yule mpiga rangi alikuwa amesimama pale pale na brashi yake.

"Sawa, bosi," nikasema.

Ningeweza hata kumpigia simu Harold. Niliishika simu nikairudisha mfukoni, kwa sababu nilijua swali lake la kwanza lingekuwa, wewe mwenyewe unaonaje?

Nikaipiga saruji. Na niliipiga vizuri, sitawaficha, imenyooka kama kioo. Mama Gulbanu akatuletea bajia na chai ya iliki, akaupapasa ukuta akasema, "Mashallah, fundi wa kwetu huyu." Majira yale ya baridi alilala kwa joto. Akanipigia simu kunishukuru, nami nikajiambia labda Kanada mambo ni tofauti, labda maji ya huku yana tabia nyingine. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Baridi ya tatu akapiga tena. "Fundi, ukuta unatoa jasho."

Nikaenda Jumamosi, peke yangu, kwa treni ya chini ya ardhi na basi mbili. Kwenye chumba chake cha juu, chini ya dirisha, palikuwa na doa la kijivu, ukubwa wa sahani. Nikaigonga nguzo kwa mpini wa bisibisi. Siku hizi mna vimashine vya kupima unyevu, mnabonyeza namba zinatoka, na si vibaya, lakini jifunzeni kugonga pia. Mti mzima hujibu kwa sauti kavu, unaooza hujibu kwa uvivu. Nguzo ile ilinijibu kwa uvivu. Nikashuka chini kwenye gogo la msingi, likanijibu hivyo hivyo. Ilikuwa kidogo tu, inaanza. Tungebandua saruji mwezi ule, tukauacha ukuta ukauke kiangazi kizima, tukakata palipooza na kuunga mti mpya kwa ulimi na kijiti, nyumba ingepona. Nawaapia ingepona.

"Ni kitu gani, fundi?"

"Mvuke wa jikoni huo, mama. Unapanda juu. Ukipika fungua dirisha kidogo."

"Basi tu?"

"Basi tu."

Nikalipaka lile doa rangi, nikanywa chai, nikapanda basi.

Saruji naweza kuisingizia haraka ya bosi na vicheko vya wenzangu. Uongo huu wa mvuke sina wa kumsingizia. Mle chumbani tulikuwa wawili, hapakuwa na mpiga rangi wala mtu wa kunicheka, na mama yule angeniona wa maana zaidi kama ningemwambia habari za tanuri la babu. Niliona haya tu. Kuibandua saruji kulikuwa ni kukiri kwamba niliipiga huku najua, na nilikuwa nimeshazoea kuitwa msimamizi. Ndiyo maana mkiniona nawafokea mnapoficha kwamba mama yenu anasuka ukili au baba yenu alichimba visima, msidhani ni uzee. Mtu hajui ni lini atauhitaji ujuzi ule, na siku hiyo ikifika asiwe ameshaukana mbele za watu.

Mama Gulbanu akawa anafungua dirisha. Miaka minne, kila akipika, hata Januari, na theluji ikimwingilia mpaka kwenye sufuria. Binti yake alikuwa akimgombeza kwenye simu, naye akimjibu kwamba fundi ndivyo alivyosema. Binti mwenyewe ndiye aliyenisimulia, baadaye, akidhani linanichekesha.

Nyumba haikuanguka kwa kishindo. Theluji ilipoyeyuka mwaka ule mlango wa mbele ulikataa kufunga. Nikaitwa, nikashusha timazi kutoka dirisha la juu, na ile kamba ikanionyesha kwamba chumba kizima kimeinamia barabarani. Mhandisi alipokuja akatuamuru tumtoe mama mle siku hiyo hiyo. Kisha tukabandua. Saruji yangu ilitoka mabamba mabamba, nzima, nzuri, na nyuma yake hapakuwa na kitu cha kuishikilia. Gogo la msingi tulilitoa kwa koleo, limekuwa mboji. Nguzo nne za mbele zilikuwa maganda. Mti uliovumilia mvua za Uingereza karne na karne, ukavuka bahari, nimeumaliza mimi kwa miaka saba.

Mhandisi akasema upande wa mbele wote ushushwe, pamoja na chumba cha juu. Watoto wakaamua kilichobaki kiuzwe. Mama Gulbanu akatafutiwa kondo Mississauga, ghorofa ya ishirini na kitu, ambako ukichungulia chini watu ni nukta.

Siku ya kuchukua vyombo vyake vya mwisho nilimkuta uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki na koti lake, na chupa ya chai mapajani. Akanimiminia kikombe.

"Nyumba imechoka tu, fundi," akasema. "Umri wote ule si mchezo. Wewe usijilaumu. Umeihangaikia sana, mimi nimeona."

Angenitukana ningepumua. Nikakiweka kikombe chini.

"Haikuchoka, mama. Ni saruji ile. Nami nilijua. Tangu Pangani nilijua saruji inaoza mti."

Akanitazama bila kunielewa.

"Na siku uliponiita kwa ajili ya lile doa," nikasema, "haukuwa mvuke wa jikoni. Niliona kwamba nguzo imeanza kuoza. Siku ile ilikuwa bado inaokoleka. Nilikudanganya, mama. Nisamehe."

Wapakiaji walipita na kile kiti chake cha dirishani, naye hakukigeukia.

"Nilikuwa nafungua dirisha," akasema.

"Najua, mama."

Gari la binti yake likapiga honi. Akamwaga chai iliyobaki kwenye majani, akaifunga chupa, akasimama. Akanipa mkono, akaniambia kwa Kiingereza, kwa ile adabu ya kuongea na watu wa benki, kwamba ananishukuru kwa kumweleza na ananitakia siku njema.

Nimeshakutana naye mara mbili tangu hapo, mara moja kwenye harusi ya watu wa Tanga, mara nyingine kwenye duka la viungo. Hana kinyongo usoni. Huniuliza hali ya mke wangu, na kama magoti yamepata nafuu. Mimi humjibu kwa Kiswahili. Yeye huendelea kwa Kiingereza.